Umaizi, Hisia na Ubunifu: Uhakiki wa Istilahi Zinazohusu Fikra za Wenye Usonji

Istilahi ya mashine ikikosewa, fundi huirudia mashine yenyewe akaitazama, na kosa likabainika. Istilahi ya akili ikikosewa, hakuna mashine ya kurudiwa. Yupo mtu, na mara nyingi mtu huyo ni mtoto, ambaye huchukuliwa kuwa ndivyo alivyo kama neno lilivyosema. Mwalimu huliandika neno hilo katika ripoti, karani hulinakili katika jalada, mzazi husomewa, na kuanzia hapo mtoto huishi nalo. Ndiyo maana istilahi za elimu ya akili zahitaji uangalifu usiopungua ule tunaoutumia katika istilahi za sheria.

Makala haya yanakusudia kuhakiki fungu dogo la maneno yanayotumika, au yanayopendekezwa kutumika, wakati wa kueleza namna watu wenye usonji wanavyofikiri. Maneno hayo ni ya aina tatu: jina la hali yenyewe, jina la ule ujuzi unaomjia mtu bila yeye kupita hatua za hoja, na jina la uwezo wa kuzua jambo jipya. Hoja yetu ni kwamba fungu la kwanza limekwisha kupata njia njema, fungu la tatu lahitaji kupambanuliwa, na fungu la pili ni hatari, kwa kuwa neno linalowajia upesi wafasiri wengi laweza kugeuza tokeo la uchunguzi kuwa tusi.

Jina la hali

Jina la kimataifa la usonji lilibuniwa na daktari Eugen Bleuler wa Uswisi kutokana na neno la Kiyunani autos, maana yake "mwenyewe" au "nafsi". Katika kitabu chake cha mwaka 1911 alilitumia kueleza jinsi baadhi ya wagonjwa wake wa akili walivyojitenga na ulimwengu. Mwaka 1943 Leo Kanner, aliyekuwa akifanya kazi Baltimore, Marekani, alilichukua neno hilo akalipa maana nyingine alipowaeleza watoto 11 ambao hali yao ilikuwa tofauti na maradhi aliyoyaeleza Bleuler. Mwaka uliofuata Hans Asperger alichapisha maelezo yake kuhusu watoto wa Vienna. Kwa hiyo jina lenyewe lilihama kutoka maana moja hadi nyingine hata kabla halijatufikia sisi. Anayetaka kulitafsiri kwa kuufuata mzizi wake wa Kiyunani atarudi kwenye maana ya Bleuler, ambayo wataalamu wamekwisha kuiacha.

Katika Kiswahili neno lililoenea zaidi ni usonji. Wapo wasemao tawahudi, kwa kufuata Kiarabu cha leo, na wapo waliotohoa otizimu. Tawahudi lina kasoro ileile ya autos, yaani humwambia msikilizaji kwamba kiini cha jambo ni upweke. Otizimu halisemi lolote kwa asiyejua lugha ya kigeni. Usonji lina faida moja kubwa: kwa msemaji wa kawaida halimhukumu mtu. Ni jina tu, nalo laweza kujazwa maana kwa kadiri elimu inavyoongezeka. Kwa maoni yetu lishikwe.

Kinachofaa kukemewa ni maneno yanayolizunguka. "Mgonjwa wa usonji" na "anaugua usonji" ni misemo isiyofaa. Usonji ni namna ubongo unavyokua tangu utotoni, wala si maradhi yanayoingia na kutoka. Mwenye usonji akipata malaria, hapo ndipo anapougua. Waandishi wa Kiingereza wamebishana kwa miaka mingi iwapo waseme mtu "aliye na" hali hiyo au waifanye hali kuwa sifa yake. Mabishano hayo hatuna haja ya kuyaingiza katika lugha yetu. Kiambishi chetu -enye hubeba yote mawili: twasema mwenye nyumba, naye aweza kuiuza; twasema mwenye busara, na busara yake haiwezi kutengwa naye. "Mwenye usonji" latosha, na mwenyewe ataamua ni kwa maana ipi.

Neno hisia na hatari yake

Sasa tuje kwenye kiini. Waingereza na Wafaransa wana neno moja, lililotokana na kitenzi cha Kilatini intueri, maana yake kutazama kwa makini, ambalo hulitumia kutaja ujuzi ujao mara moja bila kupitia ngazi za hoja. Kiswahili hakijakosa fikra hiyo. Tunapotoa maoni twasema "naona mvua itanyesha", na katika "naona" hiyo macho na akili vimeshikana vilevile kama katika Kilatini. Wahenga nao walinena kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Kinachokosekana ni jina moja lililokubaliwa.

Katika kulitafuta jina hilo, neno linalowahi kufika kalamuni ni hisia. Tuchukue sentensi ya kitaalamu isemayo kwamba katika jaribio fulani wenye usonji hawakutegemea sana ujuzi huo wa mara moja. Mfasiri mwenye haraka ataandika: "Watu wenye usonji wamepungukiwa na hisia." Msomaji wa Kiswahili ataelewa nini? Ataelewa kwamba hawapendi, hawahuzuniki, hawaoni haya, hawaumii. Jambo hilo halikusemwa na mtafiti, wala si kweli, lakini limekwisha kuandikwa kwa lugha safi. Kosa la sarufi mhariri hulisahihisha. Kosa la namna hii humpita, kwa kuwa sentensi yenyewe haina dosari.

Iko sababu ya pili ya kulikataa neno hilo. Hisi na hisia tayari zina kazi mbili katika uwanja huuhuu. Hisi ni milango ya fahamu: kuona, kusikia, kugusa, kuonja na kunusa. Mwongozo wa Marekani wa utambuzi wa matatizo ya akili, katika toleo lake la mwaka 2013, ulizitaja tofauti za hisi miongoni mwa dalili za usonji, kama vile mtoto kuudhiwa mno na kelele au kuvutwa mno na mwanga. Hisia nazo ni furaha, hofu, huzuni na mengineyo. Tukiongeza maana ya tatu juu ya hizo mbili, ripoti moja ya mwalimu yaweza kusomeka kwa namna tatu.

Maneno mengine yaliyopendekezwa nayo yana mipaka yake. Silika ni tabia ambayo kiumbe huzaliwa nayo: ndege hujenga tundu kwa silika. Ujuzi tunaoutafutia jina mara nyingi ni tunda la miaka ya kutazama na kutenda, kwa hiyo silika haifai. Ilhamu ni neno zuri, lakini washairi na watu wa dini wamekwisha kulipa heshima ya kitu kinachoshuka kutoka juu. Kulitia katika ripoti ya shule ni kulivika mtoto joho lisilo lake. Machale ni neno hai la mitaani, nasi sote twaelewa mtu asemapo kwamba machale yamemcheza, lakini machale huonya juu ya hatari tu.

Linabaki umaizi. Kitenzi chake, kumaizi, ni kutambua kwa kupambanua. Halitaji moyo, halitaji mbingu, wala halitaji hatari. Kasoro yake ni kwamba lenyewe halisemi lolote kuhusu wepesi wa kutambua. Kasoro hiyo huzibika kwa maelezo katika sentensi, nayo ni ndogo kuliko zile tulizoziona.

Mambo matatu chini ya jina moja

Hata hivyo, uteuzi wa neno jema hautamaliza kazi. Neno la kigeni tunalolitafsiri limefunika mambo matatu yaliyo mbalimbali, na uchunguzi umetoa majibu tofauti kwa kila moja.

La kwanza ni jibu linaloruka mdomoni kabla ya kufikiri. Mwaka 2005 Shane Frederick wa Marekani alichapisha maswali mafupi ya hesabu yaliyokusudiwa kulipima jambo hili. Moja ya maswali hayo, tukiligeuza kwa fedha na vitu vyetu, ni hili: daftari na kalamu kwa pamoja ni shilingi 1,100, daftari limezidi kalamu kwa shilingi 1,000, kalamu ni bei gani? Wengi hujibu upesi shilingi 100. Jibu sahihi ni shilingi 50. Mwaka 2016 Mark Brosnan, Marcus Lewton na Chris Ashwin walieleza kwamba, katika maswali ya aina hii, wenye usonji walitoa majibu ya haraka machache zaidi kuliko wengine, na majibu ya kutafakari mengi zaidi. Uchunguzi wa baadaye uliokusanya watu wengi zaidi haukuiona tofauti hiyo. Kwa hiyo jambo bado linajadiliwa. Tazama, hata hivyo, kwamba hapa "kupungukiwa" kungekuwa sifa njema: aliyepungukiwa na jibu la haraka ndiye aliyepata shilingi 50. Kwetu haraka haraka haina baraka, nasi hatuna sababu ya kuliita jambo hili upungufu kwa kuwa tu lugha ya asili imeliita hivyo. Tunapendekeza liitwe jibu la papo, na kinyume chake liitwe jibu la tafakuri.

La pili ni kutambua nia na mawazo ya mtu mwingine bila kuambiwa. Mwaka 1985 Simon Baron-Cohen, Alan Leslie na Uta Frith waliwapima watoto kwa kisa cha wanasesere wawili. Mmoja aliweka gololi kikapuni akatoka. Wa pili akaihamishia sandukuni. Je, yule wa kwanza akirudi ataitafuta wapi? Kati ya watoto 20 wenye usonji, 16 walielekeza mahali gololi ilipokuwa, badala ya mahali ambapo mwenyewe alidhani ipo. Jaribio hilo limekuwa mashuhuri, na kutokana nalo yamesemwa mengi kupita kiasi. Mwaka 2012 Damian Milton, mwanazuoni wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, alitoa hoja kwamba kutoelewana ni kwa pande mbili: ikiwa mwenye usonji hatambui upesi nia za wengine, wengine nao hawatambui upesi nia zake. Istilahi yetu basi isimtupie mzigo mtu mmoja. Tunapendekeza kusoma nia. Kusoma kwahitaji msomaji na maandishi, na kushindwa kusoma kwaweza kuwa ni kwa sababu maandishi ni ya hati ngeni kwa msomaji. Twaweza kuandika bila kumdhulumu yeyote kwamba mwalimu na mwanafunzi hawasomani nia.

La tatu ni utambuzi wa mjuzi katika kazi yake, na hapa ndipo neno umaizi linapostahili kuwekwa hasa. Mfano wake ni Temple Grandin, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1947, mwenye usonji na mtaalamu wa mifugo. Alipoona ng'ombe wanagoma kupita katika njia za zizi, aliingia mwenyewe katika njia hizo akatazama kutoka mahali pa macho ya ng'ombe. Aliona vivuli sakafuni, mnyororo unaoning'inia, koti lililotundikwa uani: vitu ambavyo wenye kazi walivipita kila siku bila kuviona. Kutokana na kutazama huko alibuni njia za kuwapitisha wanyama bila kuwatia hofu, zikatumika katika machinjio mengi ya Amerika Kaskazini. Nani atasema kwamba mtu huyu amepungukiwa? Lakini angetafsiriwa kwa lile neno moja linalofunika mambo yote matatu, hukumu ya jaribio la gololi ingemfuata hadi zizini.

Kufikiri kwa picha

Mwaka 1995 Grandin alitoa kitabu kiitwacho Thinking in Pictures, jina ambalo kwa Kiswahili ni Kufikiri kwa Picha. Humo aeleza kwamba akisikia neno la jumla, kama vile mnara wa kanisa, hapati wazo la jumla. Humjia minara aliyoiona, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na mahali pake.

Mfasiri wa kitabu kama hicho atashawishika kuandika taswira mahali pa picha. Tungemshauri asifanye hivyo. Wahakiki wa fasihi wamekwisha kulitwaa neno taswira kwa maana ya picha inayojengwa na maneno katika akili ya msomaji. Katika ushairi neno hutangulia na picha hufuata. Katika maelezo ya Grandin mambo yamepinduka: picha ndiyo mama, na maneno ni tafsiri. Neno picha, kwa wepesi wake, lasema kweli zaidi.

Kitabu chenyewe nacho chastahili kuhakikiwa. Mwandishi aliyajenga mengi juu ya nafsi yake, akaelekea kudhani kwamba wenzake wote wenye usonji hufikiri kama yeye. Wasomaji walimsahihisha, naye katika toleo la mwaka 2006 alikiri na kutaja aina tatu: wanaofikiri kwa picha, wanaofikiri kwa ruwaza, ambao huonekana sana katika muziki na hisabati, na wanaofikiri kwa maneno. Mfasiri ana wajibu hapa. Kiswahili hupenda kauli ya jumla yenye hu-: "wenye usonji hufikiri kwa picha." Kauli hiyo huligeuza jambo la baadhi kuwa desturi ya wote. Iandikwe "baadhi yao", na neno baadhi lisiachwe kwa ajili ya kupendeza sikio. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Methali hiyo haikuwatoa wenye usonji.

Ubunifu: wingi na upekee

Mwaka 1979 Lorna Wing na Judith Gould, baada ya kuwachunguza watoto wa Camberwell, London, waliyataja mambo matatu yanayokwenda pamoja: shida katika mahusiano, katika mawasiliano, na katika michezo ya kujifanya na kuwazia. Jambo hilo la tatu likitafsiriwa kwa neno ubunifu, mtoto mwenye usonji hupoteza sifa ya kubuni kwa kalamu moja. Asiyependa kujifanya mfalme katika mchezo si lazima awe ashindwaye kuunda kitu kipya. La kwanza tunapendekeza liitwe kuwazia. La pili libaki ubunifu.

Ubunifu wenyewe nao una pande mbili zinazopimwa mbalimbali. Mwaka 1999 Jaime Craig na Simon Baron-Cohen walionyesha kwamba watoto wenye usonji waliwapa watahini mawazo machache zaidi katika majaribio ya ubunifu. Mwaka 2015 Catherine Best na wenzake waliwataka watu wataje matumizi ya vitu vya kawaida, kama tofali na kibanio cha karatasi. Wenye tabia nyingi za usonji walitaja mambo machache, lakini waliyoyataja yalikuwa adimu zaidi. Basi tuseme wingi wa mawazo na upekee wa mawazo. Mwalimu anayehesabu majibu tu amepima wingi, na aandike hivyo. Akiandika "hana ubunifu", amedai kupima kitu ambacho hakukigusa.

Tahadhari moja yafaa hapa. Magazeti hupenda habari za watu kama Stephen Wiltshire wa London, mwenye usonji, aliyezaliwa mwaka 1974, ambaye huchora mji mzima kwa kumbukumbu baada ya kuutazama kwa muda mfupi kutoka angani. Neno kipaji lafaa kabisa kwake. Lakini wengi wenye usonji hawana kipaji cha namna hiyo, nao wasidaiwe kuwa nacho ndipo waheshimiwe.

Majibu kwa wapinzani

Watakuwapo wasemao kwamba njia rahisi ni kutohoa neno la Kiingereza, kama tulivyotohoa oksijeni. Utohozi hatuupingi. Lakini oksijeni hutajwa na wanafunzi wa kemia, ambao hufundishwa maana yake darasani. Maneno tunayoyajadili husomwa mbele ya mama aliyeketi na mtoto wake hospitalini, na hapo hapana darasa.

Wengine watasema kwamba tumeleta maneno mengi mahali pa moja. Ni kweli. Lakini lugha iliyolikusanya jambo katika neno moja haikutulazimisha sisi kulibeba furushi bila kulifungua. Mfasiri akikutana na neno hilo, ajiulize kwanza: je, mwandishi asema juu ya jibu la papo, kusoma nia, au umaizi? Akishindwa kujibu, huenda mwandishi mwenyewe hakupambanua.

Tunapendekeza, basi, kwamba Baraza lifikirie kuyatia maneno haya katika orodha zake: mwenye usonji, jibu la papo na jibu la tafakuri, kusoma nia, umaizi, kuwazia, wingi na upekee wa mawazo, kufikiri kwa picha, kwa ruwaza na kwa maneno. Wakati yakisubiri kujadiliwa, walimu na makarani wanaweza kuanza na moja tu. Fomu yoyote iliyoandikwa "hana hisia" irudishwe kwa aliyeiandika, aulizwe aliona nini hasa. Pengine atajibu: "Huchelewa kutambua wenzake wanapomtania, lakini saa ya shule ilipoharibika yeye ndiye aliyeona ni gurudumu lipi lililolegea." Hayo ndiyo yaandikwe.